Mtoto wa ndugu au rafiki yako ana uvimbe kwenye ubongo: namna ya kuisaidia familia bila kuiongezea mzigo

Ujumbe wa aina hii naupata mara kwa mara: "Mtoto wa dada yangu amekutwa na uvimbe kwenye ubongo, nifanye nini?" Anayeuliza huwa ameshapiga simu mara tatu haikupokelewa, na sasa anaona haya kwenda na anaona haya kutokwenda. Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja hadi nimechoka kuandika mambo yaleyale, kwa hiyo nayaweka yote hapa.

Mimi si daktari. Ni mtu wa kujitolea. Kwa miaka kadhaa nimekaa na familia hizi wodini na majumbani mwao, na karibu kila kosa nitakalokuonya nimeshalifanya mwenyewe. Ya dawa nitayagusa kwa kiasi anachopaswa kukijua mtu yeyote anayeingia kwenye nyumba hiyo, asije akaharibu. Neno la mwisho ni la timu inayomtibu mtoto.

Kabla hujaanza

Jiandae na haya:

- Saa zako halisi. Kaa chini uhesabu una saa ngapi kwa wiki, na uhesabu kwa mwaka mzima, usihesabu kwa wiki hii ya majonzi peke yake. Mtoto mwenye meduloblastoma, aina ya saratani ya ubongo, kwa mfano, kwa kawaida hufanyiwa upasuaji, akapigwa mionzi kwa takriban wiki sita, kisha ikafuata miezi ya tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani. Ukiwa na saa mbili, sema mbili. Zinatosha kwa kazi nyingi.
- Daftari dogo na kalamu. Utaona kazi yake.
- Kipimajoto cha dijitali, kama kuna uwezekano wa mtoto kuachwa chini ya uangalizi wako.
- Afya yako. Ukiwa na mafua, kikohozi, kuhara au upele usioujua, huendi. Hata kama uliahidi.
- Jina la ugonjwa, iwapo wazazi wamependa kukuambia. Hawakupenda, usichimbe.

Nadharia ni hii tu. Uvimbe wa ubongo ni magonjwa mengi yenye jina moja. Upo unaokua polepole na kuisha kwa upasuaji peke yake, upo unaokimbia, na upo uliokaa kwenye shina la ubongo mahali ambapo kisu hakiwezi kupita. Hata usio saratani unaweza kuumiza vibaya, kwa sababu fuvu halitanuki. Kwa watoto wengi chanzo hakijulikani. Wachache huwa na hali ya kurithi inayouleta. Hauambukizi. Hautokani na kosa la mama wakati wa ujauzito. Kwa hiyo usiulize, "Kwani aliwahi kuanguka?" Mzazi ameshajiuliza hilo usiku mia moja.

Hatua

1. Tuma ujumbe usiodai jibu.

Siku za mwanzo usipige simu. Andika: "Nimesikia habari za mtoto. Nawawaza sana. Msijibu. Jumamosi asubuhi nitapita kuchukua nguo za kufua." Kama bado hujajua utafanya nini, ishia kwenye "msijibu".

Mama mmoja alinionyesha simu yake siku ya tatu baada ya upasuaji wa mwanawe. Jumbe 63 zilikuwa hazijasomwa. Akazipitishia kidole polepole, na karibu nusu yake zilimalizikia maneno yaleyale: "niambie ukihitaji chochote". Akacheka kidogo, akasema, "Kila mmoja amenipa kazi ya kufikiri." Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Mzazi wa mgonjwa naye asiulizwe, mpelekee.

2. Mtafuteni msemaji mmoja.

Awe shangazi, mjomba au rafiki wa karibu ambaye wazazi wamemchagua wao wenyewe. Yeye ndiye anayeongea nao, na ndiye anayetoa habari kwenye kikundi cha simu. Kabla ya kuandika chochote awaulize wazazi: tuseme nini, tusiseme nini, na nani hatakiwi kujua. Habari ikikufikia, inaishia kwako. Picha ya mtoto mwenye bandeji kichwani haisambazwi kabisa, hata kwa nia ya kuombewa, mpaka wazazi waseme ndiyo, na mtoto akiwa mkubwa wa kutosha aseme ndiyo pia.

3. Chagua kazi moja uishike.

Hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa, maana wanataka kufanya kubwa. Wanakuja wanane siku moja, wanajaza sebule, halafu hawaonekani tena. Kinachookoa familia ni kazi ndogo inayojulikana siku yake na saa yake: kufua, kupika, kulipia bili kwa zamu, kumpeleka mtoto mwingine shule, kulala wodini usiku mmoja kwa wiki ili mama akalale kitandani, kusindikiza kliniki na kukaa na mizigo.

Namkumbuka baba mmoja, jirani tu, hakuwa na undugu nao. Kila Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili na robo asubuhi alikuwa mlangoni kumchukua mdogo wa yule mtoto mgonjwa kumpeleka shule. Alifanya hivyo miezi kumi na moja. Hakuwahi kuuliza mgonjwa anaendeleaje. Alikuwa anauliza, "Leo kabeba daftari la hesabu?" Nyumba ile ilikuwa na ndugu wengi wenye uwezo kuliko yeye, lakini ukiwauliza wazazi nani aliwabeba, watakutajia huyo.

Ukiombwa kusindikiza kwa daktari, ndipo daftari linapofanya kazi. Andika maneno ya daktari kama yalivyo, tarehe, jina la dawa, kiasi, na namba ya kupiga usiku. Mzazi aliyeambiwa neno zito husikia sentensi ya kwanza, zinazofuata zote zinampita. Usitie maoni yako kwenye daftari hilo.

4. Wodini: ingia kwa adabu, kaa kidogo.

Nawa mikono. Punguza sauti, usiwashe taa kubwa; kichwa kinamuuma. Msalimie mtoto kwanza, halafu wazazi. Usimshike kichwa. Wapo wanaoona upande mmoja tu kwa sababu ya uvimbe, kwa hiyo muulize mama ukae wapi, ukae upande anaouona. Wapo ambao sisiplatini, moja ya dawa za tibakemikali, imewapunguzia usikivu; ongea ukiwa umemtazama usoni. Dakika ishirini zinatosha.

Kuna jambo moja ambalo wageni wengi hawajaandaliwa kuliona. Baada ya upasuaji wa sehemu ya nyuma ya ubongo, mtoto anaweza kuamka akaongea vizuri, halafu siku moja au mbili baadaye akanyamaza kabisa. Hasemi. Analia bila kutulizika, mwili umelegea, hata kumeza kunasumbua. Kwa meduloblastoma humpata takriban mtoto mmoja kati ya wanne, na maneno huchukua wiki au miezi kurudi, mara nyingine yakirudi polepole na kwa kukokota. Anakusikia. Usiseme juu yake kama vile hayupo. Usimlazimishe: "Sema shikamoo basi!" Msomee, mwimbie, mweleze kilichotokea shuleni, na subiri bila kudai chochote.

Onyo: maswali kama "madaktari wamesema atapona?" hayaulizwi mbele ya mtoto. Wala nyuma ya mlango. Watoto husikia kupitia milango.

5. Jua dawa inavyombadilisha.

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo maneno ya kuumiza yanapotokea. Ili kupunguza kuvimba kwa ubongo na maji yanayojikusanya kuzunguka uvimbe, watoto wengi hupewa deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Inafanya kazi yake vizuri, lakini inamgeuza mtoto. Njaa isiyoisha. Usingizi hamna. Hasira inayotoka pasipojulikana. Uso unavimba ukawa mviringo, mashavu yanajaa.

Mvulana wa miaka sita niliyekuwa nakesha naye aliamka saa tisa usiku akitaka chakula, akala, akataka tena, akaninyang'anya kijiko, akanipiga nacho, kisha akalia kwa aibu akinishika mkono. Mama yake aliyekuwa amelala sakafuni akaniambia bila kuinua kichwa, "Huyo si yeye, ni dawa." Walipompunguzia kidogo kidogo, alirudi kuwa yeye.

Sasa mgeni anaingia asubuhi na kusema kwa furaha, "Mashallah, amenenepa, amenawiri!" Anadhani ametoa faraja. Mtoto mkubwa anayejiona kwenye kioo amesikia kitu kingine, na mama naye. Usiseme chochote kuhusu mwili wake. Nywele pia ziache.

Na onyo la uhai: dawa hii haikatizwi ghafla. Mwili wa mtoto aliyeitumia kwa muda huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na kukatiza kunaweza kumdhuru vibaya. Ukiachiwa kumpa dozi, mpe kwa saa yake. Akitapika dozi, piga simu kwa timu uulize; usiamue mwenyewe.

6. Wiki za mionzi.

Ni safari ya kila siku, siku tano kwa wiki, mara nyingi wiki sita. Mionzi yenyewe ni ya dakika chache na haiumi, ila mtoto hulala akiwa amevishwa kinyago kilichotengenezwa kwa umbo la uso wake na kufungwa kwenye kitanda ili asitikisike. Wadogo hulazwa kwa nusu kaputi kila siku, maana yake kila asubuhi wanashinda njaa mpaka zamu yao ifike. Kwa hiyo usile mbele yake ukiwa kwenye benchi la kusubiri.

Kazi ya kusaidia hapa ni usafiri na kusubiri. Gawaneni siku: Jumatatu huyu, Jumanne yule. Andaeni mtu wa akiba. Ngozi ya eneo lililopigwa mionzi isipakwe mafuta wala dawa yoyote bila ruhusa ya timu, hata yale mafuta ya bibi.

Watu wakisikia "mionzi imeisha" hufikiri mtoto atarudi kucheza. Wiki kadhaa baadaye anaweza kupata kipindi cha usingizi mzito na uchovu, alale mchana kutwa. Wazazi wengi hushtuka hapo. Usiwaongezee hofu, usiwaambie wapuuze. Waambie wapige simu wathibitishe.

7. Ukiachiwa mtoto: ishara ambazo hazingoji.

Ziandike ukurasa wa kwanza wa daftari, pamoja na namba ya wodi.

Homa akiwa kwenye tibakemikali. Timu nyingi huweka mpaka kwenye nyuzi 38; uliza wao wameweka ngapi. Kinga yake imeshuka, na maambukizi madogo yanaweza kumzidi ndani ya saa chache. Piga simu papo hapo, usiku au mchana. Usimpe dawa ya kushusha homa kwanza ili "uone", kwa sababu inaficha homa bila kuondoa chanzo. Kipimajoto kisiingizwe njia ya haja kubwa.

Kuumwa kichwa kunakozidi, kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida, macho kubadilika, hasa kwa mtoto aliyewekewa mrija wa kutoa maji kichwani, ule wanaouita shanti. Mrija huweza kuziba. Hiyo ni safari ya hospitali sasa hivi, haisubiri asubuhi.

Degedege. Mlaze ubavu, ondoa vitu vikali karibu, tazama saa. Usimtie kitu mdomoni, usimshike kwa nguvu. Ikipita dakika tano, au kama hajawahi kupata kabla, ita msaada wa dharura.

Kukutana na mtu mwenye tetekuwanga au surua. Hata kama mtoto yuko salama kabisa leo, timu iambiwe siku hiyohiyo, kwani ipo kinga ya kumpa na muda wake ni mfupi.

8. Watafute ndugu zake.

Wao ndio wanaosahaulika. Dada wa miaka tisa anaambiwa "uwe mtoto mzuri, mama amechoka", naye anakuwa mzuri mpaka anaanza kukojoa kitandani. Mpe saa yake mwenyewe kwa wiki, isiyohusu ugonjwa. Akiuliza, mjibu kwa maneno yaliyo wazi ambayo wazazi wameyakubali: kaka ana uvimbe kichwani, hukuusababisha kwa ule ugomvi wenu, hautakuambukiza. Watoto wengi wanahitaji kuambiwa hilo la ugomvi hata kama hawajauliza.

9. Pesa: toa kimya.

Ada za matibabu ni sehemu tu. Kuna nauli, kuna mzazi aliyeacha kazi, kuna kodi. Mwekeni mtu mmoja wa kutunza mchango na mwingine wa kukagua, hesabu ziandikwe, lakini wazazi wasidaiwe risiti. Nimeona mchango uliokuja na kikao cha ndugu kuuliza kwa nini baba amenunua viatu vipya. Pesa ya namna hiyo, bora isingekuja.

10. Usiondoke kengele ya mwisho ikilia.

Matibabu yakiisha wageni hupotea, na hapo ndipo wazazi wengi huanguka. Kipimo cha MRI, picha ya ndani ya ubongo, hurudiwa, mara nyingi kila baada ya miezi mitatu hapo mwanzo, na wiki ya kabla ya majibu hakuna anayelala. Andika tarehe hizo kwenye kalenda yako. Tuma neno moja siku hiyo.

Shule nayo ina yake. Mtoto anaweza kuonekana mzima, kumbe anachoka upesi, anasahau maagizo matatu yakitolewa kwa mpigo, anaandika taratibu. Athari za mionzi kwenye kujifunza hujitokeza zaidi kadiri miaka inavyokwenda. Mwalimu akimwita mvivu, mzazi aliyechoka atahitaji mtu wa kwenda naye shuleni na barua ya daktari mkononi. Hiyo ni kazi nzuri sana ya kujitwika.

11. Ikifika tiba ya kuponya kusimama.

Wazazi wakisema wamechagua nyumbani na tiba shufaa, usiwaletee hospitali nyingine uliyoisoma usiku kwenye intaneti. Tiba shufaa inaweza kuanza mapema na kwenda sambamba na matibabu mengine. Kazi yake ni kumpunguzia mtoto maumivu na kichefuchefu, na kumpa siku za kuwa mtoto. Endelea na kazi yako ileile, ile ya Jumanne. Na baadaye, mtaje mtoto kwa jina lake. Kwa ndugu zake wadogo sema "amekufa", usiseme "amelala"; niliwahi kukaa na mtoto wa miaka minne aliyekuwa akiogopa kitanda wiki nzima kwa sababu ya neno hilo moja.

Yakikwama

*Mzazi hajibu kabisa, wiki ya tatu sasa.* Usimwandikie "umenisahau?" Endelea na kazi kupitia msemaji. Ukimya wake hauhusiani na wewe.

*Umesema neno baya*, kwa mfano "Mungu hampi mtu mzigo asiouweza", na uso wa mama umebadilika. Sema, "Nisamehe, nimeongea vibaya," halafu ukaoshe vyombo. Maelezo marefu yatamlazimisha akubembeleze wewe.

*Mtoto anakukataa, anageukia ukuta.* Kaa mbali kidogo ufanye kitu kwa mikono yako: kuchora, kukunja karatasi. Asipokuja leo, sawa. Usimwambie "nimetoka mbali kwa ajili yako".

*Kuna ndugu ameleta dawa ya mitishamba na anasisitiza.* Usigombane naye mbele ya wazazi. Pendekeza ipelekwe kwa daktari au mfamasia wa wodi kama ilivyo, na jina lake, kabla mtoto hajaionja. Baadhi ya mimea huingiliana na tibakemikali, ikaipunguza nguvu au ikaizidisha. Kwa kawaida mwenye dawa akisikia inakaguliwa, anapunguza kasi.

*Baba na mama wanazozana mbele yako.* Mchukue mtoto mwingine mtoke nje. Usichague upande, na usiulize baadaye.

*Mwezi wa nne, ratiba imebaki na watu wawili.* Hutokea kila mahali. Punguzeni kazi zifae watu wawili, na mwambie msemaji awataarifu wazazi mapema siku ambazo hakuna mtu. Pengo wanalolijua wanaweza kulipanga. Asiyetokea bila taarifa ndiye anayewavuruga.

*Wewe mwenyewe umechoka, umeanza kuchelewa na kutafuta visingizio.* Sema wiki moja kabla. Tafuta wa kushika nafasi yako, nenda naye mara mbili mkiwa pamoja, umwonyeshe dawa inakaa wapi na mtoto anapenda kukaa upande gani. Mkabidhi daftari na ufunguo wa mlango wa nyuma.